Upanga Mfupi wa Japani na Mafundi Wake

Upanga mfupi wa Kijapani una aina mbili, na kinachozitofautisha ni urefu wa bapa. Kipimo ni shaku, ambayo ni sawa na sentimita 30.3. Silaha isiyotimiza shaku moja huitwa tanto. Inayoanzia shaku moja na kuishia kabla ya mbili ni wakizashi. Kuanzia shaku mbili kwenda juu ni upanga mrefu, yaani katana, ambayo sifa zake zimeenea dunia nzima kiasi cha kuwafunika wenzake isivyo haki. Samurai wa karne ya 17 alipoingia katika nyumba ya watu aliuvua upanga mrefu akaukabidhi mlangoni, lakini wakizashi ilibaki kiunoni mwake. Alikula nayo, alizungumza nayo, aliketi nayo mbele ya wageni waliokuwa na nafasi ya kuitazama kwa utulivu. Silaha inayotazamwa kwa karibu namna hiyo haivumilii kazi ya kulipua. Ndiyo maana karibu kila mbinu kubwa ya madini iliyobuniwa Japani kwa miaka 600 imeacha alama yake kwenye kitu hiki kisichozidi urefu wa mkono wa mtu.

Tanto ndiyo iliyotangulia. Katika enzi ya Kamakura, kati ya 1185 na 1333, mpiganaji wa Kijapani alikuwa mpanda farasi mwenye upinde na upanga mrefu uliopinda. Tanto aliihitaji mwisho wa mambo, pale yeye na adui yake walipokwisha kukamatana mwilini na hapakuwa tena na nafasi ya kuzungusha mkono. Uhunzi wa wakati huo ulikuwa kazi ya heshima kubwa. Go-Toba, mfalme aliyeachia kiti mwaka 1198, aliwaita wahunzi mashuhuri wa nchi wafanye kazi kwa zamu katika kasri lake, na mapokeo yanasema yeye mwenyewe alishiriki katika kuzitia panga matiko.

Huko Kyoto, mtaa wa Awataguchi ulimtoa Yoshimitsu, fundi wa karne ya 13 ambaye kazi yake karibu yote ilikuwa ya tanto. Panga ndefu za mkono wake ni chache mno. Mabapa yake ni membamba, yamenyooka, na uso wa chuma chake una punje ndogo zilizosambaa sawasawa hivi kwamba jicho hupata shida kuamini kuwa chuma hicho kilipitia nyundo. Upande wa mashariki, katika mji wa Kamakura walikokaa watawala wa kijeshi, Shintogo Kunimitsu aliweka msingi wa mkondo ulioitwa Soshu, na kutoka mkondo huo akatokea Masamune, aliyefanya kazi mwishoni mwa karne ya 13 na mwanzoni mwa karne ya 14. Hakuna jina la mhunzi wa Kijapani lililo kubwa kuliko lake. Tatu kati ya tanto zake ni fupi na pana kama visu vya jikoni, na zote tatu leo ni Hazina za Taifa.

Karne ya 14 ilikuwa ya vita kati ya nasaba mbili za kifalme, na silaha zote zilikua. Tanto nazo zilirefuka na kupanuka mpaka nyingine zikavuka shaku moja, ingawa umbo lao lilibaki lilelile la bapa tambarare lisilo na tuta kati ya mgongo na makali. Vita vilipohamia kwa askari wa miguu, upanga wa kuning'inizwa makali chini uliachwa, ukaja upanga wa kuchomekwa kwenye mshipi makali yakiwa juu, ambao huchomolewa na kupiga kwa mwendo mmoja. Pembeni yake ulichomekwa mwenzake mfupi. Jozi hiyo, daisho, ikawa vazi la kijeshi.

Upanga mfupi ulikuwa pia zawadi ya bwana kwa mtumishi aliyemkubali, na mfano mmoja unaihusu pwani ya Afrika ya Mashariki. Mwaka 1581 mmisionari Mjesuiti Alessandro Valignano alifika Kyoto akiwa na mtu mweusi ambaye mwandishi wa Kifaransa François Solier, katika kitabu cha 1627, alieleza kuwa ametoka Msumbiji. Oda Nobunaga, aliyekuwa mbabe wa vita mwenye nguvu kuliko wote nchini, alimchukua katika utumishi wake, naye akajulikana kwa jina la Yasuke. Nakala moja ya kumbukumbu za Nobunaga zilizoandikwa na Ota Gyuichi inataja alichopewa: posho, nyumba, na upanga mfupi wenye ala ya mapambo.

Kazi ya upanga huanza mbali na karakana ya mhunzi, katika milima ya Izumo, ambayo sasa ni sehemu ya mkoa wa Shimane. Japani haina mawe mengi ya chuma, lakini milima hiyo ina mchanga mweusi wenye chuma safi. Mchanga huo huyeyushwa katika tanuru la udongo liitwalo tatara. Kwa siku tatu mchana na usiku watu hulilisha tanuru mchanga na mkaa kwa kupokezana, mivukuto ikipuliza bila kukoma, huku msimamizi akisoma hali ya ndani kwa rangi ya moto na kwa sauti. Mwisho wake tanuru lenyewe hubomolewa na bonge la chuma huburutwa nje likiwa bado linawaka. Tatara iliyofufuliwa Okuizumo mwaka 1977 hutumia takriban tani 10 za mchanga na tani 12 za mkaa kupata bonge la tani 2.5, na ni sehemu tu ya bonge hilo inayofaa kuitwa tamahagane, pua ya kufulia panga.

Mhunzi huvunja pua hiyo vipande vidogo na kuvichambua kwa kutazama mahali vilipovunjika, maana kipande chenye kaboni nyingi humeta tofauti na kilicho laini. Huvipanga juu ya bamba, huvifunga kwa karatasi, huvimwagia uji wa udongo na majivu ya mabua ya mpunga ili hewa isikichome chuma, kisha huvitia motoni na kuviunganisha kwa nyundo. Pande linalopatikana hukatwa katikati, hukunjwa, hufuliwa tena. Makunjo 10 hutoa matabaka 1,024. Makunjo 15 hutoa 32,768. Kuna imani kwamba kadiri matabaka yanavyozidi ndivyo upanga unavyokuwa bora. Sivyo. Kukunja husambaza kaboni na kutoa takataka zilizonaswa ndani, lakini kila kuingia motoni huunguza sehemu ya kaboni yenyewe, na mhunzi asiyejua pa kuacha hubaki na chuma laini kisichoshika makali. Ujuzi uko katika kusimama kaboni ikiwa karibu asilimia 0.7. Pua hiyo ngumu ndiyo inayofanywa ngozi ya upanga, nayo huvishwa juu ya kiini cha chuma laini ili bapa lisivunjike kwa pigo.

Kisha huja matiko, saa ambayo kazi ya wiki nyingi huweza kupotea. Bapa hupakwa udongo uliochanganywa na unga wa mkaa na wa jiwe, mzito upande wa mgongo na mwembamba kwenye makali. Karakana hutiwa giza ili rangi ya chuma ionekane vizuri, na kinapofika kati ya nyuzi 750 na 800 za Selsiasi hutumbukizwa majini. Makali yaliyofunikwa kidogo hupoa ghafla na kuwa magumu sana. Mgongo uliofunikwa sana hupoa polepole na kubaki na ustahimilivu. Kwa kuwa chuma kigumu huchukua nafasi kubwa kuliko kile laini, makali hutanuka na kuuvuta upanga upinde kuelekea mgongoni. Fundi wa tanto iliyonyooka hukadiria mvuto huo mapema, akaikunja kidogo upande wa pili kabla ya kuitia maji. Bapa lisiloistahimili nguvu hiyo hupasuka, na baada ya hapo hakuna dawa.

Mpaka kati ya sehemu ngumu na laini ndio hamon, mstari mweupe unaotembea sambamba na makali. Mhunzi huuchora kwa namna anavyopaka udongo. Wengine walipenda uende moja kwa moja, wengine ujae mabonde na vilele, na Masamune aliufanya uchemke kwa punje kubwa zinazong'aa. Mstari huo haupo juu ya chuma bali ndani yake. Hauwezi kuongezwa baadaye na mchongaji, na kwa mtazamaji aliyezoea hutaja shule, karne, na mara nyingi mtu.

Lakini hauonekani mpaka mnoaji amalize kazi. Unoaji wa Kijapani ni ufundi unaojitegemea, wenye mawe ya asili yanayofuatana kutoka makwaruzo makali hadi laini, na hatua za mwisho hutumia vipande vya jiwe vilivyopunguzwa hadi wembamba wa karatasi, vikisuguliwa kwa kidole gumba juu ya bapa. Familia ya Hon'ami ya Kyoto iliishika kazi hii kwa vizazi vingi, na kwa kuwa panga bora za nchi nzima zilipita mikononi mwake, ikawa pia mwamuzi wa uhalisi wa panga. Mwaka 1719 Tokugawa Yoshimune, shogun (mtawala wa kijeshi) wa nane wa ukoo wake, aliiagiza familia hiyo iandike orodha ya panga mashuhuri zaidi nchini. Tanto za Yoshimitsu na Masamune zimejaa humo.

Amani ndiyo iliyoigeuza wakizashi kuwa kitu cha watu wengi. Mwaka 1588 mtawala Toyotomi Hideyoshi aliwanyang'anya wakulima silaha zao, na chini ya utawala wa Tokugawa ulioanza 1603 kubeba panga mbili kukawa alama ya samurai peke yake. Hata hivyo wafanyabiashara na watu wengine wa mjini waliruhusiwa kuvaa upanga mmoja mfupi kwenye safari na katika sherehe, mradi urefu wake usizidi kipimo cha sheria. Mfanyabiashara wa Osaka hakuruhusiwa kujionyesha kwa mambo mengi, kwa hiyo fedha zake alizimimina kwenye wakizashi. Wahunzi walimfuata. Osaka ilimpata Tsuda Sukehiro, aliyeishi kati ya 1637 na 1682, ambaye hamon yake hupanda na kuvunjika kama mawimbi ya bahari, na Inoue Shinkai, ambaye chuma chake kilikuwa safi kupita kiasi. Edo, ambayo leo ni Tokyo, ilikuwa na Nagasone Kotetsu, aliyeanza maisha ya kazi akifua deraya kabla ya kugeukia panga. Umaarufu wa Kotetsu ulizaa wafoji wengi mno, na upanga wenye jina lake hupokewa kwa shaka hadi leo.

Bapa peke yake halivaliki. Shingoni hukaa habaki, pete ya shaba ambayo mara nyingi hufunikwa kwa dhahabu au fedha, na ndiyo inayoubana upanga ndani ya ala bila makali kugusa mti. Mbele yake husimama tsuba, kikingio cha mkono, kilichobanwa kwa vibati vyembamba viwili. Mpini ni wa mti laini wa mnolia, umevikwa ngozi ya samaki taa, na juu yake umesukwa utepe wa hariri. Chunusi za ngozi hiyo huuzuia utepe kuteleza, na chini ya utepe hubanwa vipambo viwili vidogo, menuki, kimoja kila upande. Mpini huanza na pete ya madini na kuishia na kofia yake, na vyote hushikwa na kijiti kimoja cha mwanzi kinachopenya kwenye tundu. Kijiti hicho kikisukumwa, upanga wote hufumuka vipande bila msumari wala gundi. Pembeni mwa ala kuna nafasi ya kisu kidogo cha matumizi ya kila siku na ya kogai, kijiti cha kutengenezea nywele. Tanto nyingi hazina tsuba kabisa. Mdomo wa ala na mpini hukutana moja kwa moja.

Ngozi ya taa haikupatikana Japani kwa ubora uliotakiwa. Ilikuja kutoka Siamu na sehemu nyingine za Asia ya Kusini-Mashariki, ikiletwa bandari ya Nagasaki na Wachina na Waholanzi, kwa hiyo hata katika miaka ambayo nchi ilijifungia, kila mpini mzuri ulibeba alama ya biashara ya mbali. Ala nayo ilichongwa kwa mnolia uleule kwa sababu haukwaruzi chuma, ikaunganishwa kwa ugali wa wali uliopondwa ili siku moja iweze kufunguliwa na kusafishwa ndani, kisha ikapakwa utomvu wa mti wa urushi tabaka juu ya tabaka. Wapo mafundi waliochanganya humo vipande vya kome, vumbi la dhahabu, au ngozi ya taa iliyosuguliwa mpaka ikabaki madoa meupe.

Mwanzoni tsuba zilifuliwa na wahunzi na watengeneza deraya wenyewe, mabamba ya chuma yenye matundu machache. Karne ya 16 iliwaleta Nobuie, aliyeufanya uso wa chuma kitupu uwe pambo la kutosha, na Kaneie wa Fushimi, aliyechora mandhari ya milima na wasafiri kwenye duara dogo la chuma. Lakini mabadiliko makubwa yalikuwa yameanza kwa Goto Yujo, aliyeishi kati ya 1440 na 1512 na kumtumikia shogun Ashikaga Yoshimasa. Alichonga majoka na simba kwa dhahabu juu ya madini meusi yaitwayo shakudo, na eneo lililowazunguka akalijaza vitone vidogo vya duara mithili ya mayai ya samaki. Kila kitone hupigwa peke yake kwa tindo yenye mdomo wa kikombe, kwa mistari iliyonyooka, na pigo moja likipotoka huharibu bamba zima. Wazao wake walishika kazi hiyo kwa vizazi 17, wakiwahudumia watawala na mabwana wakubwa.

Shakudo inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa rangi yake huwadanganya wengi wakadhani imepakwa. Ni shaba iliyoongezwa dhahabu kidogo, mara nyingi asilimia 3 hadi 5. Ikitoka kwenye nyundo hufanana na shaba ya kawaida. Fundi huisugua kwa maji ya figili iliyokunwa, kisha huichemsha katika maji yenye chumvi za shaba, na polepole uso wake hugeuka mweusi wenye mng'ao wa zambarau. Shibuichi, mchanganyiko wa shaba na fedha, katika maji hayohayo hutoa rangi za kijivu kuanzia nyepesi hadi nzito, na shaba tupu hutoa wekundu wa kahawia. Kwa chungu kimoja fundi anayeunganisha madini manne au matano kwenye kipambo kimoja hupata rangi zake zote kwa pamoja, kila moja ikijitokeza mahali pake. Rangi hiyo ni ngozi nyembamba sana. Mmiliki anayeisugua kwa dawa ya kung'arishia huiondoa kwa dakika chache, na vipambo vingi vya zamani vimeharibiwa hivyo na watu waliokuwa na nia njema.

Uwezo wa madini haya haukuishia kwenye rangi. Shoami Denbei wa Akita, aliyeishi kati ya 1651 na 1728, alibuni namna ya kuyaunganisha matabaka ya madini tofauti kwa moto, kuyachonga na kuyafua tena mpaka uso ukawa na mistari ya ubao wa mti. Yokoya Somin, aliyezaliwa 1670 na kufariki 1733, aliondoka kwenye utaratibu wa nyumba ya Goto akawafanyia kazi watu wa mjini Edo. Tindo yake ilikata upande mmoja kwa kina na mwingine kwa wepesi, hivyo mstari ukawa na unene na wembamba wa brashi ya wino. Tsuchiya Yasuchika wa wakati huohuo alichanganya madini na mada kwa uhuru ambao wateja wa Goto wasingeukubali. Kule Higo, kusini, ladha ilikuwa nyingine kabisa. Hosokawa Tadaoki, bwana wa vita aliyekuwa mwanafunzi wa Sen no Rikyu katika sanaa ya chai, aliwataka mafundi wake watoe chuma kilichotulia chenye pambo dogo, na tsuba za Higo bado ni miongoni mwa kazi zinazoonyesha vizuri zaidi thamani ya kujizuia.

Sehemu moja ya upanga haiguswi na mnoaji wala sonara: mkia unaoingia ndani ya mpini. Hapo mhunzi huacha alama za tupa yake, na akitaka, huchonga jina lake na tarehe. Kutu inayokusanyika juu yake kwa karne nyingi ndiyo ushahidi wa umri, na rangi yake hupimwa kwa makini kuliko jina lenyewe, maana jina huchongwa na yeyote. Anayeikwangua kutu hiyo ili upanga upendeze hufuta nusu ya historia yake.

Utawala wa samurai ulianguka mwaka 1868, na tarehe 28 Machi 1876 serikali ya Meiji ilipiga marufuku kubeba panga hadharani, isipokuwa kwa wanajeshi, polisi na maofisa katika mavazi rasmi. Karakana zilifungwa moja baada ya nyingine. Wachongaji wa vipambo walikuwa na bahati kubwa kidogo kuliko wahunzi, kwani mikono yao ilifaa kwa kazi nyingine. Kano Natsuo, aliyeishi kati ya 1828 na 1898, alichonga kalibu za sarafu mpya za Japani, kisha akafundisha katika Shule ya Sanaa ya Tokyo. Wengine walitengeneza vyungu vya maua na vikasha vya kuuzwa Ulaya na Marekani. Vipambo vyenyewe viliuzwa kwa wingi na kwa bei ya chini. Mkusanyaji William Sturgis Bigelow alivipeleka Boston, na mkusanyo wa tsuba wa Arthur Church uko katika Jumba la Makumbusho la Ashmolean, Oxford. Makusanyo hayo yameokoa kazi nyingi zisipotee, lakini yametenganisha vilivyokusudiwa kukaa pamoja: tsuba iko kwenye kabati mji mmoja, menuki zake mji mwingine, na bapa halijulikani lilipo.

Pigo la pili lilikuja mwaka 1945, majeshi ya Marekani yalipoagiza silaha zote zisalimishwe. Panga nyingi ziliteketezwa au kuchukuliwa kabla wataalamu wakiongozwa na Homma Junji hawajawashawishi wakuu wa majeshi hayo kutofautisha silaha na kazi ya sanaa. Mwaka 1948 kilianzishwa chama cha kuhifadhi panga za sanaa, ambacho ndicho kinachoendesha tatara ya Okuizumo, hutoa vyeti vya uhalisi, na kina jumba lake la makumbusho Tokyo. Takahashi Sadatsugu alitangazwa Hazina Hai ya Taifa mwaka 1955, akiwa mhunzi wa panga wa kwanza kupewa heshima hiyo, na Miyairi Akihira akafuata mwaka 1963.

Chini ya sheria ya leo, upanga wa zamani humilikiwa ukiwa na hati ya usajili inayosafiri nao kutoka mmiliki hadi mmiliki. Anayetaka kuwa mhunzi hukaa chini ya bwana mwenye leseni kwa miaka isiyopungua mitano kabla ya kupata leseni yake. Kisha huruhusiwa kumaliza panga ndefu mbili kwa mwezi, au fupi tatu, na kila moja ikitoka mikononi mwake huenda kwa mnoaji, kwa fundi wa habaki na kwa mchongaji wa ala, ambao kila mmoja bado ana karakana yake.